Enfant terrible: anayeaibisha nyumba ya nani?

UZI. Leo ni mrefu kidogo, kwa hivyo kaa vizuri. Haya ni maneno niliyozungumza kwenye kikao cha vijana na wazee hapa Chara nikiwa nyumbani likizo. Waliokosa waliniomba niyaweke hapa, na nimeyaandika karibu vile vile nilivyoyasema. Kanuni ya uzi wetu haijabadilika: hatutaji mwanasiasa aliye hai wala aliyekufa, hatutaji chama. Kama kuna mtu anakujia akilini ukisoma, mwache huko huko.

1/
Wazee wangu, mama zangu, ndugu na dada zangu wa Chara, na nyinyi mliotoka Ngao, Golbanti na Garsen.

Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa. Nimeombwa nieleze neno moja tu, neno ambalo mnalisikia kwenye redio na runinga kila msimu wa siasa ukipamba moto. Mchambuzi amevaa tai, anamzungumzia kiongozi fulani aliyetoa maneno makali, halafu anasema: "Huyu ndiye enfant terrible wa siasa za eneo hili." Wenzake wanatikisa kichwa. Sisi tuliokaa chini ya mwembe na redio yetu tunaulizana, je, amemsifu au amemtukana?

Swali zuri. Jibu ni kwamba hata yeye mwenyewe mara nyingi hajui. Na hapo ndipo shida inapoanzia, kwa sababu neno likiwa halieleweki, mtu yeyote anaweza kujifunika nalo.

2/
Tuanze na maana. Ni Kifaransa. Ukitamka "anfan teribo" utaeleweka. Neno kwa neno ni "mtoto wa kutisha", lakini si mtoto wa kutisha kama jini. Ni yule mtoto asiyejua kufunga mdomo mbele ya wageni.

Nyinyi nyote mna mtoto huyo nyumbani. Mtu amekuja kudai deni lake. Mama anamwambia kwa upole, "Baba yao ametoka, ameenda Garsen." Na mtoto anauliza kwa sauti, "Mama, si baba yuko ndani amejificha?" Basi. Huyo ndiye enfant terrible.

Huko Ufaransa, mwishoni mwa miaka ya 1830, mchoraji mmoja aitwaye Paul Gavarni alianza kuchora michoro ya vichekesho kwa jina hilo hilo, akionyesha watoto wanaotoboa siri za wakubwa wao. Baadaye neno likahama kutoka kwa watoto likaenda kwa watu wazima: wasanii wanaovunja kanuni za sanaa, wanamichezo wasiosikia la mtu, na mwishowe wanasiasa wenye mdomo usio na breki.

Lakini rudini kwa yule mtoto wa kwanza, kwa sababu mna mambo matatu pale ambayo hayatakiwi kupotea njiani.

La kwanza: alichosema ni kweli. Mgeni akiingia ndani atamkuta baba.
La pili: ameaibisha nyumba yake mwenyewe, si ya jirani.
La tatu: hapati faida. Mgeni akishaondoka, atakayepigwa kofi ni yeye.

Shikeni hayo matatu. Mazungumzo yote ya leo yanasimama juu yake.

3/
Sasa angalieni vile neno hili linavyotumika siku hizi.

Mtu anapanda jukwaani. Anatukana mgombea wa upande ule. Anaiita jamii nyingine majina. Anasema atawafundisha adabu. Watu wake wanapiga makofi na vigelegele. Kesho yake klipu imezunguka kwenye simu, na mchambuzi anasema eti ni enfant terrible, mtu jasiri, "asiyeogopa kusema ukweli".

Hebu tumpime. Alichosema kinaweza kuthibitishwa? Mara nyingi hapana, ni tusi, na tusi halina ushahidi. Ameaibisha nyumba yake? Hapana, ametupa mawe kwa jirani. Amelipia? Hapana. Amelipwa! Ameongeza jina, ameongeza wafuasi, labda na kiti atapata.

Huyo si mtoto aliyetoboa siri ya nyumba. Huyo ni askari wa nyumba. Na mara nyingi ametumwa.

Hili la kutumwa nataka tulielewe vizuri, maana ndilo tunalosoma darasani na ndilo linalofanyika hapa. Mkubwa wa siasa hapendi kuonekana mchafu. Anataka aheshimiwe na mabalozi, na maaskofu, na masheikh. Kwa hivyo anakaa kimya, anamwachia kijana mmoja kazi ya kurusha mawe. Jiwe likipokewa vizuri na watu, wiki ijayo mkubwa analirudia kwa lugha laini. Jiwe likileta balaa, mkubwa anasema, "Hayo ni maneno yake binafsi." Mmeshawahi kuisikia hiyo sentensi? Haya.

Na kazi ya pili ya yule kijana ni kuiba mada. Tuseme nyinyi mlikuja mkutanoni kuuliza kwa nini zahanati haina dawa. Mtu mmoja anatoa tusi moja zito. Asubuhi yake nchi nzima inajadili tusi. Anaitwa studioni, anaomba radhi nusu nusu, wapinzani wake wanamjibu, siku tatu zimepita. Dawa? Hakuna aliyeuliza tena. Tusi halina gharama, dawa ina gharama. Mwanasiasa anajua hesabu hiyo kuliko sisi.

4/
Mtasema, kijana, wewe hutaki watu wasemao waziwazi. La hasha. Nawataka sana. Niwape wawili wa pwani yetu hii, wala hawakuwa wagombea wa chochote.

Wa kwanza ni Mekatilili wa Menza, mama wa Kigiriama. Mwaka 1913 serikali ya Waingereza ilikuwa inadai kodi na inataka vijana wakafanye kazi kwenye mashamba ya wazungu. Mama huyu, mjane, akatembea kijiji hadi kijiji akiwakusanya watu kwa ngoma ya kifudu, akawaambia wakatae. Kwa desturi ya wakati ule, mwanamke kusimama mbele ya wanaume na kuwahutubia mambo ya utawala ilikuwa jambo la kushangaza. Inasimuliwa kwamba alikwenda kwenye mkutano wa ofisa wa Kiingereza na kuku mwenye vifaranga, akamwambia ajaribu kuchukua kifaranga kimoja aone mama kuku atafanya nini.

Hiyo sehemu ya kuku wengi mnaijua. Sehemu inayosahaulika ni kwamba alikuwa anawasema pia Wagiriama wenzake, wale wazee waliokubali kuwa machifu wa serikali na kuwakusanyia Waingereza kodi na vijana. Hakuishia kumlaumu mgeni, aliwageukia na watu wa nyumbani. Na alilipia. Mwezi Oktoba 1913 alikamatwa, akapelekwa mbali sana, Kisii, na huko akatoroka akarudi pwani.

Mpimeni. Alichosema kilikuwa kweli: kodi ilikuwepo, vijana walikuwa wanachukuliwa. Aliwaambia watu wake. Na bei aliilipa mwenyewe.

5/
Wa pili ni Abdilatif Abdalla, mshairi, mzaliwa wa Mombasa. Vijana, huyu msikilizeni kwa makini, maana alikuwa rika letu. Mwaka 1968, akiwa na miaka 22, aliandika kijikaratasi cha kisiasa chenye kichwa "Kenya: Twendapi?" Uhuru ulikuwa umetimiza miaka mitano tu. Watu walikuwa bado wanashangilia bendera. Yeye akauliza, hii nchi tunaipeleka wapi?

Angalieni hapo: hakuuliza "Waingereza wametufanya nini". Hilo lingepigiwa makofi na kila mtu. Aliuliza serikali yake mwenyewe, serikali ya Waafrika, nyumba yetu. Akashtakiwa kwa uchochezi, akafungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972. Huko gerezani aliandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za choo. Yakatoka kama kitabu mwaka 1973, kinaitwa "Sauti ya Dhiki". Na mwaka 1974 kitabu hicho kikapewa tuzo kubwa ya fasihi nchini, tuzo iliyobeba jina la rais wa serikali ile ile iliyomfunga. Nchi yetu ina vituko, jameni.

Hilo linatufundisha jambo jingine. Serikali ile haikumwita jasiri. Ilimwita mchochezi. Kwa hivyo anayeaibisha nyumba yake hapewi jina zuri wakati ule ule. Jina zuri huja baadaye, likija.

6/
Sasa tuje nyumbani. Hapa lazima niseme polepole, kwa sababu najua ninaozungumza nao.

Mwaka 2012 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Wengi wenu mlikuwa watu wazima, mnayajua kuliko mimi. Agosti ile ilikuwa Riketa. Septemba Chamwanamuma, kisha Kilelengwani. Desemba Kipao. Zaidi ya watu 100 walikufa katika miezi hiyo, na wengi wao walikuwa kina mama na watoto. Wakulima walikufa na wafugaji walikufa. Hakuna upande ninaoweza kusimama hapa nikasema ni wetu peke yetu tuliolia.

Sisemi kwamba maneno pekee ndiyo yaliyoua. Kulikuwa na mambo ya maji, malisho, mashamba, mipaka, na bunduki. Sote tunajua mto huu unavyofanya kazi. Ukifurika unaacha udongo mzuri, mkulima anapanda mpunga, mahindi na ndizi. Kiangazi kikishika huko juu, mfugaji analeta mifugo delta kutafuta maji na majani. Wote wawili wana haki ya kuishi na wote wawili wanautaka ukingo ule ule. Ndiyo maana wazee wetu, Gasa kwa Wapokomo na Matadeda kwa Waorma, walikuwa na taratibu zao, na ndiyo maana kuna malka, zile njia za mifugo kufika mtoni.

Lakini maneno yana kazi yake. Kabla mtu hajachoma nyumba ya jirani, lazima kwanza jirani awe amegeuzwa jina. Aache kuwa fulani bin fulani ambaye ng'ombe wake waliingia shamba la fulani, awe "hawa watu". Na anayefanya kazi ya kubadilisha majina ni yule yule tunayempigia makofi, tunasema hana woga.

Sasa nawauliza: hapa kwetu, enfant terrible wa kweli angesema nini?

Angekuwa mkulima anayesimama mbele ya wakulima wenzake akasema, "Ile malka tumeilima sisi. Sasa ng'ombe wapite wapi?" Au mfugaji anayesimama mbele ya wafugaji wenzake akasema, "Vijana wetu wanaingiza mifugo mashambani usiku wakijua kabisa wanachofanya. Tusijidai hatuwajui, ni watoto wetu."

Hebu fikirieni kikao hicho. Kuna makofi? Hakuna. Kutakuwa na kimya, halafu sauti moja kutoka nyuma: "Umenunuliwa wewe." Ataitwa msaliti. Labda hatasalimiwa msikitini au kanisani wiki hiyo. Huyo ndiye aliyetoboa siri ya nyumba mbele ya wageni, na kofi atalila.

Lakini mkimpata mmoja upande huu na mmoja upande ule, wazee wana mahali pa kuanzia. Mazungumzo ya amani hayawezi kuanza kama kila upande umekuja na orodha ya makosa ya mwenzake tu.

7/
Kuna wanaoniuliza: si kuna sheria? Ipo. Tuipitie haraka.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 33, inampa kila mtu uhuru wa kujieleza. Kifungu hicho hicho kinasema uhuru huo haufiki kwenye propaganda za vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki, wala kuhamasisha chuki dhidi ya watu wengine. Halafu kuna Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyotungwa baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007. Kifungu chake cha 13 kinasema anayetoa matamshi ya chuki ya kikabila anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni moja, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili.

Na kuna jambo ambalo watu hulichanganya. Mbunge ana kinga ya maneno anayoyasema akiwa Bungeni, Kifungu cha 117 cha Katiba. Ile kinga ilitengenezwa ili aweze kuisema serikali bila kuogopa. Haimfuati mpaka kwenye mkutano wa hadhara. Akishuka kwenye gari lake akashika kipaza sauti sokoni, ni raia kama wewe.

Lakini sheria pekee haitoshi, na sababu nimeshawapa. Mshairi wetu alifungwa kwa sheria. Vile vifungu vya zamani vya uchochezi dhidi ya serikali vilikaa vitabuni mpaka vikafutwa mwaka 1997. Sheria inaweza kumkamata mropokaji, na inaweza kumkamata msema kweli pia, inategemea nani ameishika. Ndiyo maana sisi wananchi lazima tuwe na kipimo chetu.

8/
Baada ya mazungumzo niliulizwa maswali. Naweka mawili.

Mzee mmoja aliuliza: "Mwanangu, kama shamba langu limeliwa, nisimseme aliyelila kwa sababu si wa nyumba yangu?"

Mzee wangu, mseme, tena kwa sauti. Lakini sema tendo na mwenye tendo. "Ng'ombe wa fulani waliingia shamba langu Jumanne usiku, wakala nusu eka ya mpunga." Hilo linaweza kuchunguzwa, chifu anaweza kuliandika, wazee wanaweza kulipima, fidia inaweza kutolewa. Ukisema "hawa watu ni wezi wa mashamba", hakuna wa kumlipisha. Umebaki na hasira tu, na hasira haina shina la mpunga.

Dada mmoja akauliza: "Mbona sisi wasichana tukisema waziwazi tunaitwa wahuni, na mvulana akisema hayo hayo anaitwa mkali?"

Dada, hilo ni kweli tupu, na halikuanza leo. Bei ya kusema si sawa kwa kila mtu. Mwanamke, kijana, maskini, mtu wa jamii ndogo, wote wanalipa zaidi kwa neno lile lile. Kwa hivyo ukiona mtu mwenye fedha, walinzi na gari anasifiwa kwa ujasiri wa mdomo, uliza: anahatarisha nini hasa? Halafu umtazame mama anayesimama barazani peke yake kuuliza pesa za basari zimekwenda wapi. Huyo ndiye amebeba hatari.

9/
Namaliza. Uchaguzi wa 2027 unakuja, na tutaletewa wakali wengi wa midomo. Sisemi msiende kuwasikiliza. Nendeni, burudani ni yenu pia. Lakini mtu akisema maneno makali ukasikia damu inachemka, jiulize maswali matatu kabla hujapiga makofi wala hujasambaza klipu kwa bando lako mwenyewe.

Moja: alichosema kinaweza kuthibitishwa, au ni jina tu la kubandika watu?
Mbili: anaaibisha nyumba ya nani, yake au ya jirani?
Tatu: bei ya maneno hayo italipwa na nani? Yeye, au watu watakaobaki hapa ukingoni mwa mto akishapanda gari kurudi Nairobi?

Na sisi wenyewe tuna kazi. Siku mtu wetu akisimama barazani akatutoboa, akasema lile ambalo sote tunalijua na hakuna anayelisema, tusikimbilie neno "msaliti". Tumwache amalize. Tumuulize maswali. Kama amekosea, tumuonyeshe. Kama amesema kweli, basi angalau mmoja wetu amsindikize nyumbani jioni hiyo, asitembee peke yake.



—
Mwisho wa hotuba. Uzi ujao, kama mlivyopiga kura: "kubana matumizi" maana yake nini hasa, na matumizi ya nani hubanwa kwanza. Kama wewe ni wa Tana Delta na una mfano wa mtu aliyewaambia watu wake ukweli mchungu, andika hapa chini alichosema. Usiandike jina lake, msimletee shida.